Vitabu vya Katuni: Kuvikusanya, Kuvipima na Kuviuza

Kitabu cha katuni ni kijitabu chembamba, aghalabu chenye kurasa 32, kilichoshikwa kwa pini mbili mgongoni. Husimulia hadithi kwa michoro iliyopangwa ndani ya visanduku, na maneno ya wahusika hutiwa ndani ya viputo. Kilichapishwa kwa karatasi hafifu ili mtoto amudu kukinunua, akisome, amwazime mwenzake, kisha kipotee. Uraibu wa kukusanya vitabu hivi umesimama juu ya jambo hilo hilo. Kwa kuwa karibu kila mtu alikitupa chake, kile kilichonusurika huwa adimu, na kile kilichonusurika kikiwa safi huwa adimu zaidi.

Mfano unaojulikana kote ni toleo la kwanza la Action Comics, lililotoka Marekani mwaka 1938 na kumtambulisha Superman. Liliuzwa kwa senti 10. Inakadiriwa kuwa nakala 200,000 hivi zilichapishwa, na zilizobaki ni kama 100 tu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wamarekani walihimizwa kutoa karatasi kuukuu zikasagwe kwa mahitaji ya vita, na watoto wakapeleka vitabu vyao kwa moyo mkunjufu. Mwezi Aprili 2024, nakala moja ya toleo hilo iliuzwa mnadani kwa dola milioni 6.

Bei kama hiyo humfanya mtu adhani kwamba kila katuni ya zamani ni mali. Sivyo. Mwaka 1991 toleo la kwanza la mfululizo mpya wa X-Men liliuza zaidi ya nakala milioni 8, nyingi zikinunuliwa na watu waliotarajia kuziuza baadaye kwa faida. Walizifunga katika mifuko, wakazihifadhi kama dhahabu. Leo toleo hilo hupatikana kwa bei ndogo mno, kwa sababu kila aliyelinunua alilitunza. Soko lile la walanguzi liliporomoka, na mwishoni mwa mwaka 1996 kampuni ya Marvel yenyewe, mchapishaji wa X-Men, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Katika Afrika Mashariki karatasi haikusubiri vita ili ipotee. Gazeti la jana lilifungia nyama buchani, likafungia mandazi na njugu, likafunika madaftari ya shule, likabandikwa ukutani kuzuia vumbi na upepo. Kijitabu cha katuni kilipita mikono ishirini darasani kabla jalada halijang'oka, na kilichobaki kikaishia jikoni kuwashia makaa. Hakuna aliyekosea kwa kufanya hivyo. Karatasi ilikuwa na kazi nyingi. Matokeo yake ni kwamba kazi za wachoraji wa eneo hili zina uhaba mkubwa kuliko bei zake zinavyoonyesha, na hapo ndipo mkusanyaji wa Makindu au Kibwezi nchini Kenya ana nafasi ambayo mwenzake wa New York hana.

Anayeanza na katuni za nyumbani hukutana kwanza na Juha Kalulu. Mhusika huyo aliumbwa na Edward Gitau katika miaka ya 1950, na kwa miongo mingi alichekesha wasomaji wa gazeti la Taifa Leo. Katuni za gazetini hazikuwa vitabu, kwa hiyo mkusanyaji hutafuta gazeti zima au vipande vilivyokatwa na kubandikwa daftarini. Daftari la namna hiyo, lenye tarehe zilizoandikwa kwa kalamu pembeni, ni hazina kubwa kuliko linavyoonekana.

Baada ya hapo huja African Film, gazeti la hadithi za picha lililotolewa na kampuni ya Drum na kusomwa kuanzia Lagos hadi Nairobi katika miaka ya 1960. Halikuchorwa, visanduku vyake vilijazwa picha za kamera. Shujaa wake, Lance Spearman, alivaa kofia ya panama, akavuta sigara nene na kuwatandika wahalifu mjini. Aliigizwa na Jore Mkwanazi wa Afrika Kusini. Kwa kizazi kilichokua baada ya uhuru, huyu ndiye aliyekuwa mpelelezi wa kwanza Mwafrika waliyemwona akishinda kila wiki.

Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jijini Nairobi gazeti la Joe, lililoitwa kwa jina la mtu wa kawaida anayehangaika na maisha ya mji na kuyacheka. Ndani yake mlikuwa na katuni, hadithi fupi na vichekesho, na lilidumu hadi mwaka 1979. Hirst hakuishia hapo. Katika miaka ya 1980 alikuwa nyuma ya Pichadithi, mfululizo wa vitabu vilivyogeuza ngano na visa vya Kenya kuwa katuni: Lwanda Magere wa Waluo, Wanjiru wa Wakikuyu, na wengineo. Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi Kenya hadi kifo chake mwaka 2012, alikuwa miongoni mwa wachoraji wake. Pichadithi ndiyo seti ambayo mkusanyaji wa Kenya angepaswa kuitafuta kabla ya nyingine yoyote. Ni vitabu kamili, vina majalada ya rangi, viliingia majumbani na mashuleni, na vingali vikiibuka katika marobota ya vitabu vikuukuu.

Kutoka Tanzania kuna Sani, gazeti lililopata jina lake kutokana na waanzilishi wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Wahusika wake kama Ndumilakuwili na Lodi Lofa walijulikana kuliko wanasiasa wengi. Mwaka 1996 kampuni ya Sasa Sema ilianza Nairobi kuchapisha vitabu vya katuni kwa Kiswahili, kikiwamo Abunuwasi cha mchoraji Gado. Katuni ya Shujaaz, iliyoanza mwaka 2010 kwa lugha ya Sheng, ilisambazwa bure ndani ya gazeti la Jumamosi. Kitu cha bure hutupwa upesi kuliko kilichonunuliwa, kwa hiyo anayetaka seti kamili ya Shujaaz, tangu toleo la kwanza, afadhali aanze mapema.

Vitabu vya kigeni navyo vimo humu humu. Archie, Tintin, Asterix, vijitabu vya vita vya Commando kutoka Uingereza na vile vya Amar Chitra Katha kutoka India vimesomwa Kenya kwa miaka mingi na huonekana mara kwa mara kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, kule ambako mnunuzi hulazimika kuinama ili achague. Kuna vichache vya Marekani vinavyomgusa Mkenya moja kwa moja. Giant-Size X-Men namba 1, ya mwaka 1975, ndiyo iliyomleta Storm, shujaa ambaye katika hadithi mama yake ni binti wa kifalme kutoka Kenya. Fantastic Four namba 52, ya mwaka 1966, ndiyo ya kwanza kumwonyesha Black Panther, na filamu ya mwaka 2018 ilizidisha hamu ya wanunuzi. Matoleo ya namna hiyo, ambamo mhusika maarufu hutokea mara ya kwanza, ndiyo yanayowindwa kuliko mengine yote.

Makindu si mahali pabaya pa kuwinda. Mji huu wa Kaunti ya Makueni ulikua na reli iliyofika hapo mwaka 1898, na hadi leo umekaa juu ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 hulisha na kulaza wasafiri bila malipo, na malori na mabasi husimama mchana na usiku. Magazeti yanayochapishwa Nairobi kwa ajili ya Pwani hupita njia hiyo. Penye wapita njia wengi hivyo, karatasi nyingi za kusomwa huachwa nyuma. Mahali pa kuulizia ni kwa walimu wastaafu, kwa waliowahi kufanya kazi relini, kwa wenye maduka ya siku nyingi, katika maktaba za shule zinazofagia makabati yao, na kwa wanunuzi wa karatasi kuukuu wanaopima kwa kilo. Hawa wa mwisho husahaulika, ingawa ndio kituo cha mwisho kabla ya karatasi kusagwa.

Thamani ya kitabu hutegemea mambo matatu: kinatakwa na watu wangapi, zimebaki nakala ngapi, na hali yake ikoje. Mkusanyaji hana uwezo juu ya mawili ya kwanza. La tatu ndilo ufundi wenyewe, na ndilo linalowatenganisha wanaojua na wanaobahatisha.

Kipimo kinachotumika duniani huanza 0.5 na kuishia 10.0. Kitabu cha 10.0 hakina dosari hata chini ya kioo cha kukuzia, na ni nadra hata kwa kilichotoka kiwandani leo. Cha 9.4 ni kama kipya, chenye alama ndogo moja au mbili tu. Cha 8.0 kimesomwa kwa uangalifu mkubwa. Cha 6.0 kimesomwa mara kadhaa na kina mikunjo midogo mgongoni. Cha 4.0 kimechoka lakini ni kizima. Cha 2.0 kimechakaa waziwazi, jalada limepauka na huenda limepasuka kidogo, lakini hadithi yote ipo. Ajabu ni kwamba jina lake la Kiingereza humaanisha "nzuri", jambo linalowapotosha wanunuzi wapya kila mwaka. Cha 0.5 kimekosa kurasa au kinameguka mkononi.

Mpimaji hufuata utaratibu. Huosha mikono na kuikausha vizuri, kwa maana jasho na mafuta ya vidole huacha doa. Hukilaza kitabu juu ya meza safi yenye mwanga wa kutosha, akatazama jalada la mbele kwa ulalo ili mng'ao uonyeshe mikunjo ambayo macho hayaioni kwa wima. Huenda kwenye mgongo na kuhesabu vijistari vya mkunjo. Kijistari kilichobandua rangi ni dosari kubwa kuliko kile ambacho hakikubandua. Huangalia pembe nne kama zimeviringika au zimekatika. Hutazama pini: zina kutu? Zimehamishwa? Karatasi imelegea kuzizunguka? Kisha hufungua polepole na kuhesabu kurasa zote, moja baada ya nyingine. Kuponi iliyokatwa na mtoto miaka 40 iliyopita hushusha kitabu kizuri hadi chini kabisa, na aliyenunua bila kuhesabu hana wa kumlaumu.

Mwisho ni rangi ya karatasi. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa bila kuondolewa lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti. Lignini ikikutana na mwanga na hewa hubadilika, karatasi ikawa ya njano, halafu ya kahawia, na asidi inayozalishwa huikausha hadi ivunjike kama biskuti. Wapimaji huzitaja hatua hizo kwa rangi: nyeupe, nyeupe iliyofifia, ya malai, ya kahawia, na inayovunjika. Hatua hizo hazirudi nyuma.

Vitabu vya Afrika Mashariki vina alama zake pia. Jina la mwenye kitabu limeandikwa kwa wino juu ya jalada, pengine majina matatu ya ndugu watatu. Mhuri wa shule umepigwa katikati ya uso wa shujaa. Mgongo umeshonwa kwa uzi baada ya pini kuachia. Kwa kipimo cha Marekani hizo zote ni dosari. Kwa Pichadithi au Joe, mhuri wa shule ya Ukambani wenye tarehe ni ushahidi wa mahali kitabu kilikosomwa, na mkusanyaji mwenye busara hauchukii. Hata hivyo anapouza ni sharti autaje. Kitu kisichosameheka ni seloteipu. Gundi yake hupenya karatasi, ikaacha ukanda wa kahawia ambao hautoki, na kuibandua hung'oa wino.

Kuna kampuni zinazopima kwa malipo. Kubwa kati yake ni CGC ya Florida, iliyoanza mwaka 2000. Wapimaji wake hukitazama kitabu, wakakipa namba, kisha hukifungia ndani ya kasha gumu la plastiki angavu lenye lebo. Kitabu kilichofungwa hivyo hakisomwi tena bila kuvunja kasha, lakini mnunuzi aliye mbali hukiamini. Kwa mtu wa Makindu hesabu ni nzito: nauli ya kwenda na kurudi Marekani, bima, ada, na miezi ya kungoja. Gharama hiyo ina maana kwa kitabu cha Marekani chenye bei kubwa. Kwa Pichadithi haina maana. Soko lake ni watu wanaokijua kitabu na wanaoweza kukitazama kwa macho yao, na picha nzuri pamoja na maelezo ya kweli vyatosha.

Mwenye kununua vya kigeni ajihadhari na nakala zilizochapishwa upya. Mwaka 1974 Action Comics namba 1 ilitolewa tena kwa umbo kubwa, karibu inchi 10 kwa 13 na nusu, ikiwa na jalada la nje linaloeleza kuwa ni nakala mpya. Jalada hilo la nje likiondolewa, kinachobaki kinafanana na kile cha 1938 kwa kila kitu isipokuwa ukubwa, na watu wamedanganywa kwacho. Rula ya mwanafunzi ingewaokoa.

Kuhifadhi ni nusu ya kazi, na hapa Makindu ina neema yake na adui wake. Neema ni ukavu. Mjini Mombasa unyevu wa bahari huotesha ukungu kwenye karatasi na kuzitia kutu pini ndani ya miaka michache. Makindu iko kwenye nyanda kavu, takriban mita 1,000 juu ya bahari, na mvua zake huja kwa misimu miwili mifupi. Mkusanyo mashuhuri kuliko yote ya Marekani, ule wa Edgar Church, ulioibuka mwaka 1977 ukiwa na maelfu ya vitabu vyenye karatasi nyeupe kama vipya, ulikuwa umerundikwa katika nyumba ya Colorado, jimbo lenye hewa kavu na baridi. Ukavu Makindu inao. Baridi ndiyo haina. Chini ya mabati mchana wa Februari, darini panageuka tanuri, na joto huharakisha kuzeeka kwa karatasi. Kwa hiyo vitabu visiwekwe darini kamwe. Mahali pake ni chumba kilicho na ukuta mnene, upande usiopigwa na jua la alasiri, mbali na dirisha.

Adui ni mchwa. Rafu ya mbao iliyoegemea ukuta wa udongo inaweza kuliwa kimya kimya kutoka nyuma, na mwenye nyumba akagundua siku anapovuta kitabu akakuta kilichobaki ni jalada na udongo. Dawa bora ni ile ambayo nyumba nyingi za Kenya tayari zinayo: sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni. Liinuliwe juu ya mawe au matofali, lisiguse ukuta, likaguliwe kila mwezi. Ndani, kila kitabu kiwe katika mfuko wa plastiki angavu na kadibodi nyeupe isiyo na asidi mgongoni, visimame wima bila kubanana. Mifuko ya poliesta hudumu kuliko ya kawaida lakini ni ghali. Ya kawaida ibadilishwe kila baada ya miaka michache, pindi inapoanza kupiga manjano. Wakati wa mvua ya Novemba, vijipakiti vya kukausha unyevu vinavyotoka katika maboksi ya viatu na ya vifaa vya elektroniki vitiwe pembeni. Majani ya mwarobaini, ambayo wengi huyatumia kwenye nafaka, yasigusane na karatasi kwa kuwa huacha doa.

Pamoja na sanduku pawe na daftari. Kila kitabu kiandikwe jina, namba, mwaka, mahali kilikopatikana, bei iliyolipwa, na hali yake siku ile. Daftari hilo ndilo litakalomwambia mwenyewe ana nakala gani mbili mbili za kuuza na ni namba gani anazokosa. Bila daftari huo si mkusanyo; ni rundo.

Katika kuuza, vitabu vya Marekani vina miongozo ya bei, mmojawapo ukiwa ule wa Overstreet uliotoka mara ya kwanza mwaka 1970, pamoja na rekodi za minada. Vya Afrika Mashariki havina mwongozo wa kutegemewa. Bei ni mapatano ya watu wawili, na mtu mmoja anaweza kulipa mara kumi ya mwingine kwa sababu tu alikisoma kitabu kile akiwa darasa la nne. Muuzaji huanza kwa kuuliza waliokwisha kuuza kitu kama hicho, hupanga bei yenye nafasi ya kushuka, na hakimbilii kuuza seti kwa rejareja. Nakala kumi za mfululizo mmoja zikiwa pamoja zina mvuto ambao nakala moja moja hazina; zikitawanywa, kuzikusanya upya ni kazi ya miaka.

Faida huliwa na mambo madogo. Tuseme kitabu kimenunuliwa kwa shilingi 100 katika rundo la mjini Wote au Emali, kikauzwa Nairobi kwa 600. Ukitoa nauli, mfuko, kadibodi, ada ya kutuma pesa na kifurushi cha basi, kilichobaki huenda kisifike 300, na hapo muda haujahesabiwa. Ndiyo maana wengi huuza nakala za ziada ili tu kununulia wanazokosa, na huo ni mpango wa haki kabisa. Anayetaka kuupata utajiri upesi, biashara hii si yake.

Mauziano mengi sasa hufanyika kwa simu: picha hutumwa, pesa hupita M-Pesa, kifurushi huja kwa basi, na Makindu haikosi basi la kwenda upande wowote. Kwa kuwa mnunuzi haoni kitabu, uaminifu wa maelezo ndio bidhaa ya kwanza. Picha ziwe za jalada la mbele, za jalada la nyuma, za mgongo, za pini za katikati, na za kila dosari, zikipigwa kwa mwanga wa asubuhi bila kurembwa. Mpimaji akiwa na shaka kati ya namba mbili, ataje ile ya chini; mnunuzi atakayepokea kitabu kizuri kuliko alivyoambiwa atarudi, na atawaambia wengine. Kwa usafiri, kitabu kiwekwe kati ya kadibodi mbili kubwa kuliko chenyewe, zifungwe kwa kamba pande zote nne, kisha zitiwe ndani ya nailoni dhidi ya mvua.

Mwenye sanduku la zamani nyumbani, la babu aliyekuwa mwalimu au la mjomba aliyefanya kazi relini, alifungue wiki hii kabla karatasi zake hazijapelekwa buchani. Akikuta Joe, Pichadithi au daftari lililobandikwa Juha Kalulu, asilishone, asilipige gundi, asilifute vumbi kwa kitambaa kibichi. Aandike alilolikuta na mahali lilipokuwa, alitie katika mfuko safi, na amwulize mwenye sanduku, ikiwa yungali hai, lilimfikiaje.